Siku 10 zinapita, sisi tungali tunawaza Kinshasa

Wandugu wachimbaji, kila mara mutoto wetu anapohukumiwa, jamaa wanasema: "Tutaenda mupaka Kinshasa, kule watasikia kweli." Wanachanga franga, wanauzisha mashini ya kushona, wengine mupaka kiwanja. Nasema wazi: hesabu ile inatudanganya.

Mashitaka makubwa, kama kuua mutu ao kuiba na silaha, yanaanzia ku Tribunal de grande instance. Hukumu ikikuumiza, unafanya apeli ku Cour d'appel. Nyuma yake inabakia mulango moja, Cour de cassation ya Kinshasa. (Tribinali ya waaskari iko na njia yake ingine.) Lakini Cour de cassation haiite washahidi. Haitakuuliza kama usiku ule ulikuwa mu shimo ao kwako. Inaangalia kama sheria ilifuatwa: mutu alipewa nafasi ya kujitetea? zuzi alieleza sababu ya hukumu yake? Muchimbaji mwenzako aliyekuona kazini, kama hakusikilizwa Kolwezi ao Lubumbashi, Kinshasa hakuna atakayemuuliza kitu.

Njo maana apeli ni kubwa kuliko safari ya Kinshasa. Na apeli iko na siku 10 tu! Kwa kasasioni ni siku 40. Mama mumoja wa kartie yetu alifika ku grefe siku ya 13, na avoka, na franga mukononi. Walimurudisha. Alikuwa anangojea kopi ya hukumu, aliwaza bila karatasi ile hawezi kuanza. Hakuna aliyemwambia kama inatosha kwanza kwenda kutangaza apeli ku grefe.

Sheria ya inchi, mu artikle 21 ya Katiba, inapatia kila mutu haki ya kupinga hukumu. Haki gani hiyo, kama mwenye kuhukumiwa anasomewa kifaransa haraka haraka na kurudishwa buloko? Zuzi aseme siku zile mu kiswahili, kwa sauti, mbele ya jamaa. Haiombe makuta ya serikali. Na mbele ya Cour de cassation karatasi inapaswa kutiwa sahihi na avoka mwenye ruhusa ya cour ile. Mukrezeri atamutoa wapi?

Zamani tungeweza kusema ni mambo ya karatasi tu. Lakini wizi wa silaha sheria yetu inauhukumia kifo, na mu Machi 2024 serikali iliondoa zuio la kuua wenye kuhukumiwa, lililokuwako tangu 2003.

Basi hukumu ikitoka, jamaa mumoja aende ku grefe kesho yake asubui, na namba ya dosie. Mashini ya kushona ibakie kwanza nyumbani.