Mzamia Asidanganyike

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niwanasihi wageni wajao pwani yetu kuzamia kwa mitungi ya hewa: wakala akuahidiye mwezi wa Julai, hali kusi imeshika na maji yamevurugika kama uji, kwamba utaiona bayana meli ya Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 kaskazini ya Mombasa, takriban mita 30 chini, huyo anauza maneno tu. Mwenye insafu atakwambia ungoje kaskazi. Na ikiwa u mwanafunzi, atakupeleka Kisite, kwenye matumbawe ya kina kidogo. Mimi, kabla ya kulipa, huomba kuvuta pumzi ya mtungi wenyewe (wengine hununa). Hewa ikinuka mafuta, hurudi zangu nyumbani.

Wako mtiifu,
Mzamia mkongwe,
Mtongwe