Tamko la Mafundi wa Viyoyozi na Majokofu wa Bomet na Kericho Kuhusu Mitambo Mikubwa ya Hewa Juu ya Mapaa

1. Sisi mafundi wa viyoyozi na majokofu tunaofanya kazi katika kaunti za Bomet na Kericho, baada ya kukutana na kushauriana Chebunyo, katika eneo bunge la Chepalungu, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa wenye majengo na kwa mamlaka zote zinazohusika. Tamko linahusu upandishaji wa mitambo mikubwa ya kupoza na kupasha hewa joto juu ya mapaa ya majengo ya biashara.

2. Hadi hivi karibuni, kazi yetu upande huu ilikuwa majokofu ya maduka, vyumba baridi vya nyama na matangi ya kupozea maziwa. Chebunyo iko chini ya ukanda wa chai, na huku ng'ombe wa maziwa ndiye anayelipa karo. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yasiposhushwa haraka hadi nyuzi 4 za selsiasi huharibika kabla ya lori kufika, na mfugaji hurudishiwa mtungi wake ukiwa umejaa. Kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa thamani ya mashine inayofanya kazi wala hasara ya mashine iliyofungwa ovyo.

3. Sasa majengo yanapanda ghorofa. Maduka makubwa, benki, kumbi na vituo vya afya vinataka hewa iliyotulia mwaka mzima: ubaridi katika jua la Januari na joto katika kibaridi cha Julai. Hayo ni mahitaji halali na chama chetu hakiyapingi. Tunachokipinga ni mtambo kununuliwa kwanza, kreni kukodishwa pili, na maswali kuulizwa maji yanapoanza kudondoka juu ya kaunta.

4. Umma unastahili kuujua mtambo wenyewe. Ni kabati moja la chuma lenye kompresa, feni, koili na vichujio, ambalo hukaa juu ya paa na kusukuma hewa chini kupitia mifereji ya mabati. Wenye uwezo wa kupoza kilowati 70 hivi unaweza kufikia tani moja au kuizidi, na uzito huo hutikisika kila kompresa inapowaka. Mapaa mengi ya miji yetu, kwa upande mwingine, ni mabati juu ya kenchi za mbao. Kenchi hizo zilikadiriwa kubeba mabati, kuhimili upepo na kumstahimili fundi mmoja au wawili wanaopita.

5. Wanachama wetu waliitwa kukagua jengo moja la biashara ambalo mtambo wake ulikuwa umeketishwa juu ya vipande viwili vya mbao vilivyolazwa moja kwa moja juu ya mabati. Hapakuwa na fremu ya chuma iliyoupeleka uzito kwenye kuta. Misumari ya mabati ilikuwa imelegea kwa mtikisiko, na kila tundu lilikuwa limezibwa kwa lami. Bomba la maji yanayotoka kwenye koili lilikuwa limeelekezwa kwenye dari, na chini ya dari hiyo palikuwa na magunia ya sukari. Kenchi ya katikati ilikuwa imepinda kiasi cha kuonekana kwa macho kutoka mlangoni. Tulipouliza ni nani aliyelipima paa kabla ya kazi, hakuna aliyeweza kutajwa. Hatumtaji mwenye jengo wala kampuni iliyofunga, maana lengo letu si kumwaibisha mtu. Tunalieleza jambo hili kwa sababu watu waliokuwa wakinunua bidhaa chini ya kenchi ile hawakuwa na njia yoyote ya kujua hatari iliyokuwa juu ya vichwa vyao.

6. Zipo pia hali za nchi yetu ambazo vitabu vya mtengenezaji haviwezi kuzikadiria kwa niaba yetu. Sehemu kubwa ya ukanda wa chai iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ile ya Mombasa, hivyo feni ileile hubeba joto pungufu. Mtambo uliochaguliwa kwa kusoma kibandiko chake tu utashindwa kutoa kilichoandikwa humo. Kompresa itafanya kazi bila kupumzika, na mwenye jengo atadhani fundi amemwibia gesi.

7. Kuhusu mvua ya mawe hatuhitaji kusema mengi kwa wasomaji wa Kericho. Eneo hili na Milima ya Nandi yanajulikana duniani kwa wingi wa siku za mawe, na katika miaka ya 1960 wakulima wakubwa wa chai walifikia hatua ya kugharimia majaribio ya kuyazuia. Mapezi ya koili ni ya alumini nyembamba, ambayo hata kidole huyapinda. Dhoruba moja ikiyalaza, hewa haipiti. Wavu wa kuyakinga hugharimu kiasi kidogo sana ukilinganisha na bei ya mtambo. Hata hivyo, mara nyingi ndio kitu cha kwanza kufutwa kwenye makadirio.

8. Umeme nao una masharti yake. Umeme wa Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali mitambo mingi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutarajia 60. Mota ya namna hiyo, ikiunganishwa hapa bila marekebisho, huzunguka polepole kwa moja ya sita na huweza kuungua. Tumekuta mitambo mitumba iliyoingia nchini kwa bei ya kuvutia na ambayo haikuwahi kuufaa umeme wetu hata siku moja.

9. Kuhusu gesi ya kupozea iliyomo ndani ya mitambo hii, chama kinazungumza kwa uzito wa pekee. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulikusudia kulinda tabaka la ozoni, na sekretarieti yake iko hapa kwetu, Nairobi. Chini ya mkataba huo, matumizi ya gesi ya R-22 katika nchi zinazoendelea yanatakiwa kukoma ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Kisha yakaja Makubaliano ya Kigali ya tarehe 15 Oktoba 2016, yanayopunguza gesi zilizochukua nafasi yake kwa sababu ya kuongeza joto duniani. Kilo moja ya R-410A, mojawapo ya gesi hizo, ikivuja hulipasha anga joto sawa na zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Mkulima wa chai anayesubiri mvua isiyofika kwa wakati wake anahusika na kilo hiyo, hata kama hajawahi kuingia katika jengo lenye kiyoyozi. Na anayenunua leo mtambo wa R-22 ananunua kitu ambacho gesi yake itaadimika mtambo ungali mpya.

10. Kwa kuzingatia hayo, msimamo wa chama ni huu. Paa la jengo la biashara si jambo la siri kati ya mwenye jengo na muuzaji wa mashine. Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na ya kulindwa afya na usalama wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlinda mfanyakazi, akiwemo kijana anayepandishwa juu ya mabati yaliyolowa bila mkanda wa usalama ili akapokee tani moja ya chuma inayoning'inia. Haki hizi zina uzito uleule Chebunyo kama zilivyo Nairobi, na uchache wa wakaguzi hauzipunguzi.

11. Tunashikilia kwamba kabla ya mtambo wowote mkubwa kuinuliwa, lazima pawepo hati moja yenye majina na sahihi: ya mhandisi aliyekokotoa uwezo wa paa, ya fundi umeme mwenye leseni, ya fundi atakayejaza gesi na kuiandika aina na uzito wake, na ya atakayeuhudumia mtambo baada ya sherehe ya ufunguzi. Hati hiyo itunzwe ndani ya jengo, mahali ambapo mkaguzi au mpangaji yeyote anaweza kuisoma. Hatuoni sababu yoyote ya haki ya mtu kukataa kuandika jina lake chini ya kazi yake.

12. Tunaziomba serikali za kaunti za Bomet na Kericho, zinapoidhinisha michoro ya majengo, zidai makadirio ya uzito wa paa kila inapokusudiwa kuweka mtambo juu. Tunaiomba Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iyakague mapaa ambayo mitambo imekwisha kuwekwa, ikianza na yale ya kenchi za mbao. Tunaiomba NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ifuatilie gesi inayotolewa kwenye mitambo mizee, maana kwa sasa nyingi huachiliwa hewani kwa kufungua valvu tu. Vyuo vya kiufundi vya kaunti zetu vinaombwa kufundisha ukusanyaji wa gesi na matumizi salama ya gesi mpya zinazoweza kuwaka, kama R-290. Sisi tuko tayari kuwapokea wanafunzi kazini.

13. Kwa upande wetu, tumeazimia kwamba mwanachama yeyote atakayepandisha mtambo mkubwa pasipo hati iliyotajwa katika aya ya 11, au atakayeachilia gesi hewani kwa makusudi, atafutwa katika orodha ya chama, na jina lake litawasilishwa kwa mamlaka husika. Mwanachama atakayekataa kazi kwa sababu hati haipo, chama kitasimama naye, na hakuna mwanachama mwingine atakayeichukua kazi hiyo.

14. Wenye majengo ambao tayari wana mitambo juu ya mapaa yao wanaombwa waite wakaguzi kabla ya mvua za masika. Palipo na kenchi iliyopinda au dari inayolowa, mtambo uzimwe na watu waondolewe chini yake mpaka paa lipimwe.

Limetolewa Chebunyo, Kaunti ya Bomet, kwa niaba ya wanachama wote.