Kitufe cha Kukataa Kilipoondolewa

Mtu akitaka kuijua tabia ya mwenye mamlaka, asiangalie namna anavyowapokea wenye kumsifu, bali aangalie namna anavyompokea mwenye kumkatalia. Kanuni hii inajulikana katika utawala, katika biashara na katika malezi. Wachache ndio wanaozingatia kwamba inazihusu vilevile tovuti zinazofunguliwa kila siku na mamilioni ya watu, ambazo mpangilio wake ndio unaoamua nani asikike na nani anyamazishwe.

Ndugu msomaji, wengi hudhani kuwa sura ya tovuti, yaani mahali vilipowekwa vitufe, orodha na kurasa zake, ni pambo tu mfano wa rangi ya ukuta. Kwa hiyo anayelalamika pindi sura hiyo inapobadilishwa huambiwa kuwa ni mtu wa mazoea, asiyetaka maendeleo. Rai yangu ni kinyume cha hayo. Katika tovuti iliyojengwa kwa kazi ya watumiaji wake, mpangilio ni mkataba. Kuuvunja kwa siku moja, bila ya kushauriana nao, ni kuwapokonya haki waliyoichuma kwa jasho lao. Ushahidi ulio wazi kabisa ni yale yaliyoifika tovuti ya Digg mwaka 2010.

Digg ilikuwa nini?

Digg ilifunguliwa Desemba 2004 huko California, Marekani, na Kevin Rose pamoja na wenzake. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mtu aliyekuta habari nzuri mahali popote katika intaneti alileta kiungo chake. Wenzake wakiiona ina faida waliichimbua kwa kubonyeza kitufe, na wakiiona ni uongo, upuuzi au tangazo la biashara lililojificha, waliifukia. Iliyochimbuliwa na wengi ilipanda hadi ukurasa wa mbele. Hapakuwa na mhariri wa kuchagua habari. Msomaji ndiye aliyekuwa mhariri. Tovuti ndogo ikibahatika kupandishwa huko ilijiwa na wageni wengi kwa ghafla hata mitambo yake ikazidiwa nguvu.

Izingatiwe kwamba kazi hiyo yote ya kutafuta, kuchuja na kupanga ilifanywa na watu wasiolipwa hata senti moja. Kampuni ilitoa mitambo na wataalamu wa kuiendesha, lakini kilichowavuta wasomaji kilikuwa ni juhudi za umma.

Nguvu ya umma huo ilikwisha kudhihiri kabla. Mei 1, 2007, kampuni ilianza kufuta viungo vilivyotaja namba ya siri ya kufungulia filamu za HD DVD, kwa kuhofia mashitaka. Watumiaji wakaijaza tovuti nzima kwa namba hiyo, na kabla ya usiku kupita Rose akatangaza kuwa hawatafuta tena. Hatuhukumu hapa ni nani aliyekuwa na haki juu ya namba yenyewe. Muradi wetu ni kuwa wamiliki walikwisha kuonyeshwa ni nani aliyewabeba. Hawakuwa na udhuru wa kutojua.

Mambo manne ya Agosti 2010

Agosti 25, 2010, Digg ilizindua toleo lake la nne. Tovuti yenyewe ilikuwa ikianguka mara kwa mara katika siku hizo za mwanzo, lakini mitambo hutengenezeka. Lililowauma watumiaji ni mambo manne ya mpangilio wake.

Kwanza, kitufe cha kufukia kiliondolewa. Mtu akabaki na uwezo wa kusifu bila ya uwezo wa kukataa.

Pili, ukurasa wa habari mpya zinazosubiri kura uliondolewa. Huo ndio uliokuwa mlango wa mnyonge, maana ndipo habari iliyoletwa na mtu asiyejulikana ilipopata nafasi ya kuonwa.

Tatu, mashirika ya habari yaliruhusiwa kuingiza viungo vyao kwa mtambo, bila ya mkono wa mtu. Hivyo mwenye chombo kikubwa akapita mbele ya msomaji aliyekesha akitafuta kitu chenye manufaa, na ukurasa wa mbele ukaanza kujaa habari za vyombo vile vile.

Nne, aliyeingia kwa jina lake alifunguliwa kwanza ukurasa wa watu na mashirika anayoyafuata, badala ya ukurasa mmoja wa wote. Uwanja uliowakutanisha ukagawanywa vyumba. Fauka ya hayo, watu walikuta orodha za viungo walivyovihifadhi kwa miaka hazionekani tena.

Ukiyatazama manne haya kwa pamoja, utaona yanaelekea upande mmoja: yanapunguza uwezo wa msomaji wa kawaida na kuongeza uwezo wa mwenye nguvu. Ndiyo maana nasema hili halikuwa suala la ufundi peke yake, bali lilikuwa ni suala la haki.

Waliwajibuje? Agosti 30, 2010, ukurasa wa mbele wa Digg ulijaa viungo vinavyoelekea Reddit, mshindani wake aliyeanza mwaka 2005. Watumiaji waliitumia ile ile sauti ndogo waliyoachiwa kuwaonyesha wenzao njia ya kutokea. Oktoba mwaka huo kampuni ilipunguza zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake. Julai 2012 jina na tovuti viliuzwa kwa kampuni ya Betaworks, kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola 500,000, ilhali wawekezaji walikuwa wametia humo zaidi ya dola milioni 40.

Hoja za wanaotetea, na majibu yake

Huenda mtu akasema: watu hupinga kila kipya, kisha huzoea. Jawabu ni kuwa hoja hii ingesimama lau malalamiko yangekuwa ya jumla. Lakini watumiaji walitaja kitufe kwa jina lake na ukurasa kwa jina lake. Na kampuni yenyewe, katika wiki zilizofuata, ilikirejesha kitufe cha kufukia na ukurasa wa habari mpya. Mwenye kurejesha alichokiondoa amekwisha kukiri kuwa kilihitajika. Tatizo ni kwamba alirejesha baada ya watu kuhama, na aliyekwisha kuhama na mizigo yake harudi kwa kuwa mlango umepakwa rangi.

Huenda mwingine akasema: kufukia kulitumiwa vibaya. Hili ni kweli, na insafu inatutaka tulikubali. Agosti hiyo hiyo ya 2010, kabla ya toleo jipya kutoka, zilichapishwa tuhuma kwamba kikundi cha watumiaji kilikuwa kikipanga kwa siri kufukia habari za mrengo wa siasa wasioupenda. Aidha, watumiaji wachache wenye marafiki wengi walikuwa wakiutawala ukurasa wa mbele. Ugonjwa ulikuwapo. Lakini dawa haikuwa hiyo. Shahidi akisema uongo mahakamani, hakimu humwadhibu shahidi huyo, wala hafuti ushahidi katika mahakama. Waliokula njama wangeshughulikiwa wao kwa ubaya wao, na maelfu waliokitumia kitufe kwa uaminifu wakaachiwa haki yao.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi: tovuti ni mali ya wamiliki, na mtu hulazimishwi kushauriana na wageni kuhusu nyumba yake. Nasema: nyumba ni yake, naam, lakini vilivyowekwa humo kwa kuaminiana ni amana. Mwenye ghala halali kumiliki shehena za watu kwa sababu ukuta ni wake.

Tazama na mfano wa Delicious, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya kuhifadhi viungo na kuvipa alama za kuvitambulisha. Yahoo iliinunua mwaka 2005, kisha ikaiuza mwaka 2011. Wamiliki wapya walipoifungua tena Septemba 2011 kwa sura mpya, wasomaji wa hadithi zinazoandikwa na mashabiki, waliokuwa wamepanga maelfu ya kazi kwa alama zenye mkwaju, wakakuta alama hizo hazifanyi kazi kama zamani. Kwa mtengenezaji, mkwaju ulikuwa ni herufi moja tu. Kwa wao, ulikuwa ndio ufunguo wa maktaba waliyoijenga kwa miaka. Wengi wao walihamia Pinboard, ambayo mwaka 2017 iliinunua Delicious yenyewe.

Lifanyike nini?

Si kwamba tunataka kila kitu kibaki kama kilivyo. Kinachotakiwa ni adabu ya mabadiliko. Mwaka 2018 Reddit nayo ilibadilisha sura yake, na wengi hawakuipenda, lakini sura ya zamani iliachwa kwenye anwani yake kwa atakaye. Tofauti na Digg ni kubwa: mmoja alijenga nyumba mpya akaiacha ya zamani wazi, mwingine aliwabomolea watu wamelala. Pamoja na hayo Reddit haikusalimika na kosa la aina hiyo, kwani mwaka 2023 ilipandisha gharama za kuitumia kwa programu za watu wengine, na programu ya Apollo iliyopendwa na wengi ikafungwa Juni 30 mwaka huo.

Basi vijana wetu wanaosomea ufundi wa programu, ambao kesho watatengeneza tovuti za shule, za masoko na za jumuiya, wayashike mambo matatu. Wawaulize watumiaji kabla ya kuondoa kitu, wala wasitosheke na kuwatangazia baada ya kukiondoa. Wasiondoe njia ya kukataa, hata ikiwaudhi. Na wampe kila mtu uwezo wa kuchukua alichokihifadhi na kuondoka nacho.

Na wewe msomaji, usiiweke hazina yako yote katika ghala ambalo ufunguo wake hunao. Orodha ya makala na mihadhara uliyoikusanya kwa miaka, weka nakala yake mahali unapopamiliki.

Machi 2025 ilitangazwa kuwa Kevin Rose amelinunua tena jina la Digg, safari hii akishirikiana na Alexis Ohanian, mmoja wa waanzilishi wa Reddit iliyowapokea wahamaji wa mwaka 2010. Jina linaweza kununuliwa mara mbili na mara tatu. Imani ya watu walioondoka kwa kudhulumiwa haiuzwi sokoni.