Windows 10 Yafikia Kikomo: Mpango Unahitajika kwa Kompyuta za Shule na Ofisi za Pembezoni

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha utoaji wa kawaida wa masasisho ya usalama bila malipo kwa mfumo endeshi wa Windows 10, ulioanza kutumika tarehe 29 Julai 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka, zinaandika barua na kuchapa mitihani kama kawaida. Kilichobadilika hakionekani kwa macho: kasoro mpya ya usalama ikigundulika, kompyuta ambayo haikuandikishwa katika mpango wa nyongeza haitapata kinga dhidi yake.

Kwa mtumiaji wa mjini mwenye kompyuta mpya na intaneti ya uhakika, jambo hili humalizika kwa kuhamia Windows 11. Katika Kata ya Digodigo, Tarafa ya Sale, Wilaya ya Ngorongoro, hali ni tofauti, kama ilivyo katika kata nyingi zilizo mbali na makao makuu ya mikoa. Huko kompyuta moja mara nyingi hutumikia ofisi nzima, hununuliwa ikiwa imekwishatumika au hupokewa kama msaada, na intaneti yake hutokana na kifurushi cha simu kinacholipiwa kwa kila gigabaiti.

Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, inadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64 na kifaa cha usalama kijulikanacho kama TPM 2.0. Aidha, kwa kompyuta nyingi zenye kichakataji cha Intel zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017, kichakataji hicho hakimo katika orodha inayokubaliwa. Kwa hiyo kompyuta inayofanya kazi vizuri inaweza kukataliwa na mfumo mpya bila kuwa na ubovu wowote.

Malalamiko ya watumiaji, hata hivyo, yalianza zamani. Tangu Windows 10 ilipotoka, mtumiaji wa toleo la nyumbani hakupewa njia ya kawaida ya kukataa masasisho moja kwa moja. Mashine hupakua yenyewe, kisha hudai kuwashwa upya. Mwaka 2016 iliripotiwa kuwa watumishi wa uhifadhi katika eneo la Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, walikuta kompyuta zao zikipakua gigabaiti kadhaa za mfumo mpya kupitia intaneti ya setilaiti, ambayo gharama yake ni kubwa na ambayo waliihitaji kwa kazi ya kupambana na ujangili. Hesabu ya shule haina tofauti kubwa. Sasisho la gigabaiti 4 likipakuliwa na kila moja ya kompyuta 10, gigabaiti 40 za kifurushi zimekwisha kabla mwanafunzi hajafungua somo.

Pamoja na kero hiyo, kuzima masasisho kabisa si suluhisho. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilishambulia zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi takribani 150, ikafunga mafaili na kudai fidia. Huduma ya Afya ya Taifa ya Uingereza ililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kinga ya kasoro iliyotumika ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla. Walioumia wengi hawakuwa wameisakinisha. Kwa upande mwingine, tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha takribani kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani kote. Matukio hayo mawili yanaonesha kuwa kusasisha ni lazima, lakini wakati na namna ya kusasisha vinapaswa kuwa mikononi mwa mwenye kompyuta.

Hoja hiyo si ngeni Digodigo. Wabatemi, wanaojulikana pia kama Wasonjo, wamelima kwa mifereji ya asili kwa vizazi vingi, na maji huingia shambani kwa zamu inayosimamiwa na baraza la wazee. Hakuna anayekataa maji, ila hayafunguliwi bila mpangilio.

Kwa wanaobaki na Windows 10, zipo njia tatu za kununua muda. Mtumiaji binafsi anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa dola 30 za Marekani, au bila malipo iwapo atakubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya kampuni hiyo. Taasisi hutozwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Jumla yake ni dola 427, kiasi kinachoweza kuzidi thamani ya kompyuta yenyewe. Shule zinazokidhi masharti ya mpango wa elimu hutozwa dola 1, kisha 2, kisha 4. Wakuu wa shule wanapaswa kuifahamu tofauti hiyo kabla ya kuidhinisha malipo.

Njia nyingine ni kuhamia programu huria. Mifumo ya Linux kama Ubuntu na Linux Mint hutolewa bila ada ya leseni, hufanya kazi katika kompyuta nyingi ambazo Windows 11 inazikataa, na humwachia mtumiaji kuamua siku ya kusasisha. Watanzania si wageni katika uwanja huu. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu leseni huria inamruhusu yeyote kuibadilisha programu kwa lugha na mahitaji yake.

Mazingira ya sasa yanaurahisisha uhamaji huo kuliko miaka 20 iliyopita. Mifumo mingi ya Serikali, ukiwamo NeST wa ununuzi wa umma na TAUSI wa mapato ya Serikali za Mitaa, hufunguliwa kupitia kivinjari. Kwa kazi za namna hiyo, kinachohitajika zaidi ni kivinjari kilichosasishwa na mtandao. Mwezi Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Kadiri mawasiliano yanavyofika pembezoni, ndivyo usalama wa vifaa vinavyounganishwa huko unavyopaswa kupewa uzito.

Hata hivyo, programu huria ina gharama zake. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha takribani kompyuta 15,000, lakini mwaka 2017 baraza lake liliamua kurejea Windows. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni usumbufu wa kubadilishana nyaraka na malalamiko ya watumishi. Katika ofisi ya kata, tatizo linaweza kuwa printa isiyotambuliwa, jedwali lililoharibika mpangilio au kukosekana kwa fundi wa karibu. Leseni ya bure haiondoi gharama ya mafunzo.

Ofisi za umma pia hazipaswi kubadili mfumo kwa uamuzi wa mtu mmoja. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) jukumu la kuratibu na kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Hivyo hatua yoyote ipitie kwa wataalamu wa TEHAMA wa Halmashauri. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Kompyuta isiyo na kinga yenye majina ya wanafunzi au kumbukumbu za wagonjwa inahatarisha wananchi ambao hawakuwahi hata kuigusa.

Utaratibu unaofaa unaanza na orodha: kila kompyuta, umri wake, kumbukumbu yake na kazi inayofanya. Hatua ya pili ni kuhifadhi nakala za mafaili yote katika diski ya nje. Linux inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kufuta kilichomo, hivyo printa, modemu na nyaraka zipimwe kwanza katika kompyuta moja. Zinazobaki na Windows ziandikishwe kupata masasisho, na intaneti ya simu iwekwe katika mpangilio wa matumizi yenye kikomo, ambao huzuia upakuaji mwingi wa kujiendesha. Katika chumba cha kompyuta, mpangilio wa kushirikisha masasisho huwezesha mashine moja kupakua na nyingine kuchukua kwake kupitia mtandao wa ndani. Siku ya kusasisha ipangwe nje ya vipindi vya mitihani na ufungaji wa hesabu.

Wananchi wanaonunua kompyuta zilizotumika nao waulize kabla ya kulipa: je, inakubali Windows 11, au muuzaji yuko tayari kuijaribu kwa Linux mbele ya mteja? Bei ndogo ya kompyuta ambayo haiwezi tena kupata kinga si nafuu kwa mnunuzi. Kwa watumiaji binafsi walioandikishwa katika mpango wa nyongeza, muda unaishia tarehe 13 Oktoba 2026, na maandalizi ya shule au ofisi yenye bajeti ya mwaka hayawezi kusubiri wiki ya mwisho.