MAJI DAR: WAMEONGEZA MIDOMO, TUMBO HAKUNA!

Ndugu msomaji, wewe uliyeshika gazeti hili kijiweni Manzese au Gongo la Mboto huku dumu lako likikushikia nafasi kwenye foleni, tunakuomba dakika chache. Kila vuli inapochelewa unapigiwa wimbo uleule: Mto Ruvu umepungua, tabianchi imebadilika, ni kazi ya Mungu, vumilieni. Kabla hujavumilia tena, elewa kwanza unachovumilia.

Tuanze na hesabu, maana wakubwa hawapendi hesabu. Dar es Salaam na sehemu ya Mkoa wa Pwani zinategemea zaidi mto mmoja tu, Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru kule Morogoro. Mitambo mikubwa ya kuvuta maji ni miwili. Ruvu Juu, pale Mlandizi, ulijengwa 1959, Mwingereza akiwa bado yupo. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulijengwa 1976. Baadaye Ruvu Chini ukapanuliwa kwa fedha za Wamarekani, kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270. Ruvu Juu ukapanuliwa kwa mkopo wa India, kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196. Kufikia 2017 jumla ikawa lita milioni 466 kwa siku. Ngoma zikapigwa, utepe ukakatwa, makofi yakalia.

Sasa jiulize. Pampu inazalisha maji? Haizalishi, inanyonya! Walipandisha uwezo wa kunyonya kutoka lita milioni 262 hadi 466, lakini mtoni kwenyewe hawakuongeza hata ndoo moja ya akiba. Ukiacha Bwawa la Mindu, ambalo ni la wenzetu wa mji wa Morogoro, hapakuwa na bwawa kubwa juu ya mitambo hiyo la kushika maji ya masika yasubiri kiangazi. Masika mto unafurika, maji yanakwenda zake baharini. Oktoba ikifika pampu mpya zinazong'aa zinatazamana na mchanga. Ni sawa na mtu aliyejiongezea midomo miwili akasahau kujiwekea tumbo.

Matokeo uliyaona kwa macho yako. Vuli ya 2021 ilisuasua, mgao ukaja. Vuli ya 2022 ikasuasua tena, na Oktoba mwaka huo ikatangazwa ratiba ya mgao kwa jiji lenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya mwaka huohuo. Lawama zikapelekwa kwa mkulima mwenye kijipampu cha kumwagilia mchicha kando ya mto, na kwa mfugaji anayenywesha ng'ombe. Hatusemi kuharibu chanzo cha maji ni jambo jema. Lakini mchicha gani huo unaokunywa mto mzima?

Sasa sikiliza habari ya Kidunda. Hili ni bwawa la kujengwa Morogoro Vijijini, kwenye Ruvu hiyohiyo, la kubeba lita bilioni 190. Gawanya kwa lita milioni 466 za kila siku: ni chakula cha siku 400 na ushee, hata ukiacha kando kinachopotea kwa jua na kinachopaswa kubaki mtoni. Hilo ndilo tumbo lenyewe! Na si wazo la jana. Limezungumzwa tangu karne iliyopita, likaandikiwa mipango, likawekwa kabatini, likatolewa vumbi, likarudishwa kabatini. Mkataba wa kulijenga kwa shilingi bilioni 329 ulisainiwa Novemba 11, 2022. Yaani wiki chache tu baada ya mgao kutangazwa, jiji likiwa limeshika madumu! Kumbe fedha zilikuwa zinatafutika. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni kiu ya wakubwa, kwa sababu nyumbani kwao tangi halikauki.

Watetezi wao watasema: hata mngekuwa ninyi, ukame mngeuzuia? Ukame hakuna wa kuuzuia. Lakini serikali haichaguliwi kuleta mvua. Inachaguliwa kujipanga kwa siku ambayo mvua haiji. Tazama Windhoek, mji mkuu wa Namibia, unaopata mvua isiyofika milimita 400 kwa mwaka. Tangu 1968 wanasafisha maji taka mpaka yanakuwa ya kunywa, na mwaka 2002 wakafungua mtambo mkubwa zaidi wa kazi hiyohiyo. Usikunje uso! Wenzako wanakunywa wapo hai. Dar inapata mvua ya milimita 1,000 na zaidi, halafu inalia kiu.

Hapo hatujagusa yanayovuja. Taarifa za EWURA kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya maji yanayoingizwa kwenye mabomba ya jiji hayalipiwi na mtu, ama yanapotelea ardhini, ama yananyonywa na vishoka. Mwaka 2003 tuliambiwa dawa ni mgeni, wakaletwa City Water. Mwaka 2005 mgeni akafukuzwa, kesi zikaenda hadi nje ya nchi, na bomba bovu likabaki palepale Tandale.

Na nani analipa? Ni wewe kijana. Dumu la lita 20 likiuzwa shilingi 500, uniti moja, yaani lita 1,000, ni madumu 50: shilingi 25,000. Mwenye bomba na mita anayeletewa bili halipi hata robo ya hiyo. Mlalahoi wa chumba kimoja anayanunua maji ghali kuliko mwenye ghorofa! Tunajua wapo miongoni mwenu wanaokula kwa kusukuma mkokoteni wa madumu. Hatuwabezi, ni kazi halali. Lakini kijana mwenye nguvu kama zako kuwa bomba la miguu miwili katika jiji la bandari si maendeleo hata chembe.

Kuna yanayowezekana bila kungoja Kidunda ijae. Visima virefu vya Kigamboni ni hatua nzuri, tunakiri, kwa sababu havimtegemei Ruvu. Vilindwe basi, maana pwani ukinyonya kupita kiasi unaikaribisha chumvi ya bahari. Paa la bati la mita 50 za mraba, kwa mvua ya Dar, linamwaga karibu lita 50,000 kwa mwaka. Chukua nusu yake tu: ni madumu 1,250. Shule ngapi, misikiti na makanisa mangapi, masoko mangapi ya jiji hili yana mifereji ya paa na tangi la maana? Mkopo wa vijana wa halmashauri ungeweza kwenda kwa vikundi vya kufyatua na kujenga matangi badala ya kuishia kwenye semina.

Mkutano wa mtaa wako ukiitishwa, nenda. Usikae nyuma ukichezea simu. Muulize diwani haya: Kidunda imefikia asilimia ngapi leo, na itaanza kujazwa mwezi gani? Lita ngapi zinapotea kila mwezi katika kata hii, na nani amepewa kazi ya kuziba? Vuli ikikosekana tena, ratiba ya mgao itaanzia Masaki au itaanzia Mbagala? Akijibu "mchakato unaendelea", muombe tarehe, aitaje mbele ya watu, na katibu aiandike kwenye muhtasari.