Kila Mradi na Kadi Yake



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili twapenda kuwasimulia jambo lililotufika sisi wenyewe, akina mama wa chama kidogo ambacho nusu yetu tunakaa Kitui mjini na nusu tunakaa Wote, Makueni. Wengi wetu ni watoto wa pwani tuliofika huku kwa ndoa au kwa biashara. Njia hiyo si ngeni: tangu karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na kurudi.

Chama chetu kilikuwa na miradi mitatu kwa pamoja: tangi la maji ya mvua la madrasa, karo ya mayatima, na uuzaji wa vyondo. Mashauri yote yalifanywa katika kundi la WhatsApp. Neno la maana likiandikwa asubuhi, jioni limekwisha kufunikwa na salamu, dua na picha za harusi.

Oktoba ikaingia, na mvua za vuli zikanyesha. Anayeijua Ukambani anajua kwamba mvua za Oktoba hadi Disemba ndizo zinazotegemewa zaidi, kuliko hata zile za Machi hadi Mei. Tangi letu lilikuwa limesimama tayari, lakini mifereji ya kutoa maji juu ya paa haikuwapo. Tukaiona neema ya Mwenyezi Mungu ikimwagika mchangani, na watoto wetu bado wanatia udhu kwa maji ya kununua.

Hapo minong'ono ikaanza. Fedha za mifereji ziko wapi? Mweka hazina wetu akasema alikwisha eleza, hakuna aliyekumbuka. Dada yule akanyamaza, kisha akaacha kuja vikaoni. Baada ya wiki mbili, binti wa mwenzetu mmoja aliketi akapekua ujumbe wa miezi mitano, akaupata: sisi wenyewe ndio tuliokubaliana fedha zile zilipe karo kwanza, na mifereji ingojee. Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alitusamehe, lakini alituuliza swali moja: “Na mwakani mtamdhania nani?”

Swali hilo ndilo lililotufanya tutafute utaratibu. Binti yule akaleta vikaratasi vya rangi, akavibandika ukutani katika safu tatu: Tumekusudia, Tunafanya, Tumemaliza. Kila mradi una kikaratasi chake, na ukisonga mbele nacho kinahamishwa. Njia hii inafanana na ile iliyoanzishwa na kiwanda cha Toyota huko Japani, ambako kadi za namna hiyo huitwa kanban, yaani ubao wa ishara. Jicho huona mara moja kazi iliyokwama.

Lakini ukuta wa Kitui hauonekani Wote, wala hauonekani na jamaa zetu wa Mombasa wanaotuchangia. Basi tukaufanya ukuta huo kuwa tovuti. Tulitumia WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003 na ambayo yenyewe haiuzwi. Kinacholipiwa kila mwaka ni jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi. Kisha tukachagua mandhari, yaani vazi la tovuti, lenye kupanga habari kama kadi zilizokaa safu kwa safu.

Kazi yenyewe si ngumu. Kila mradi huandikwa kama chapisho moja lenye picha moja. Zile safu tatu huwa ni makundi matatu. Kuhamisha kadi ni kubadili kundi lake tu. Juu ya kila kadi tuliamua pawe na mambo matano: jina la mradi, aliyebeba amana yake, kiasi kilichopatikana na kilichotumika, uamuzi wa mwisho na tarehe yake, na hatua inayofuata. Picha tulizipunguza ukubwa ili zisile bando la mtu. Tena tuliijaribu tovuti katika simu ya bibi mwenye macho dhaifu kuliko sote; maandishi yalipomshinda, tuliyakuza.

Yako mambo matatu ya kuhadhari. Kwanza, zisiwekwe sura wala majina ya mayatima, wala nambari za vitambulisho. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ya Kenya yatulazimu hivyo, na sitara ilitulazimu kabla yake. Pili, neno la siri lisibaki kwa mtu mmoja. Ama sivyo, siku akisafiri au akiugua, ukuta umefungwa. Tatu, daftari la mkono lisitupwe. Tovuti huonyesha, daftari na risiti ndizo zinazothibitisha.

Huko Makueni jambo hili halikutushangaza sana. Chini ya gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022, wananchi walichagua kamati za kusimamia miradi katika sehemu zao, na kaunti ikafungua tovuti ya kuonyesha kandarasi zake. Ikiwa barabara na zahanati zaweza kuwekwa wazi, tangi la madrasa litashindwaje?

Nasi Waislamu tuna hoja iliyo kubwa zaidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kuandika si dalili ya kutoaminiana. Kuandika kunamlinda mwaminifu asidhaniwe vibaya, na kunatulinda sisi tusiingie katika dhambi ya dhana.

Leo kadi ya mifereji imo katika safu ya Tumemaliza. Mweka hazina wetu amerudi, na yeye ndiye aliyeihamisha kwa mkono wake. Katika safu ya katikati tumejiwekea mpaka: haziwi zaidi ya kadi mbili kwa wakati mmoja, kwani mshika mawili moja humponyoka, na sisi tulishika matatu.

Enyi mama na dada zetu wenye vyama, anzeni na ukuta na vikaratasi. Tovuti itafuata. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza amana. Amin.