Kikohozi cha kijana hakitibiwi kwa kubahatisha

AFYA MTAANI
Na Rehema Mbwambo

Kaa nusu saa tu kwenye duka la dawa la mtaani, Mbagala au Manzese, utamwona: fundi seremala au dereva wa bodaboda, miaka ishirini na kitu, anakohoa mwezi wa pili sasa. Anaomba dawa kali kuliko aliyopewa wiki iliyopita. Alianza na sirapu, ikafuata amoksilini, kisha azithromaisini. Leo ataondoka na siprofloksasini. Simlaumu kwa kukwepa kituo cha afya. Foleni ya kutwa ni siku nzima bila hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye pikipiki.

Lakini anaumia. Siprofloksasini na dawa za jamii yake huweza kuvituliza vimelea vya kifua kikuu (TB) bila kuvimaliza. Anapata nafuu ya muda, ugonjwa unachelewa kugundulika, na usiku analala chumba kimoja na wenzake.

Utaratibu wetu uko wazi: anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe TB, na mwenye VVU asisubiri hata hizo wiki mbili. Katika vituo vya serikali kipimo ni bure, dawa ni bure. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa takriban saa 2, na huonyesha pia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini.

Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni mate. Kijana anapewa kikopo cha makohozi, anajificha nyuma ya jengo kwa aibu, anatema mate, anarudisha. Mhudumu amwelekeze vizuri, palepale nje penye hewa: asukutue kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, akohoe kutoka chini kabisa ya kifua mpaka kitoke kitu kizito, cha kunata.

Kinachoniuma zaidi huja baadaye. Makohozi yakiwa safi na picha ya kifua haina shida, kijana anaambiwa hana TB, anarudi nyumbani na kikohozi chake kilekile. Hapo ndipo maswali yalipopaswa kuanza. Kinamshika saa ngapi? Kikimwamsha alfajiri, kifua kikabana, vumbi la mbao likikichochea, tuwaze pumu, ambayo kwa wengine huja na kikohozi kikavu pekee, bila kifua kupiga filimbi. Ana kiungulia akilala? Makamasi yanamshukia kooni? Aliugua mafua makali mwezi uliopita? Kikohozi cha baada ya mafua huweza kufika wiki 8 kisha kikaisha chenyewe. Anavuta sigara? Na kazi yake ni ipi? Mchimbaji wa Mererani anayevuta vumbi la mawe yuko hatarini kupata silikosisi, nayo humweka karibu zaidi na TB.

Pumu ina kipimo chepesi mno. Kijana anapuliza kipima pumzi kwa nguvu zake zote, anavuta salbutamol, anasubiri robo saa, anapuliza tena. Mshale ukipanda kwa moja ya tano au zaidi, pumu inakuwa na ushahidi mzito. Kifaa chenyewe ni bomba la plastiki lisilohitaji umeme. Wizara ikipeleke kila zahanati, kikae mezani kando ya mashine ya presha, na kila kijana ambaye makohozi yake yametoka safi apulize kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.